Gari Lililonuka Papa

Kila siku baada ya alasiri, Safiyya akirudi kutoka chuoni na kuweka msahafu wake juu ya kabati, kazi iliyomngoja ilikuwa kuliosha gari la baba yake. Ndoo moja tu ya maji baridi, si mbili, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi huletwa mtaani kwa mkokoteni wa punda na mwenye punda hana huruma. Alianza na paa, akashuka kwenye boneti, akamalizia kwenye madigadi, mahali ambapo chumvi ya bahari hupenda kujificha. Mtu asiyemjua angedhani anamwogesha mtoto mchanga.

Gari lenyewe, tuseme kweli, halikuwa la kuringia. Lilikuwa jeupe siku za ujana wake. Sasa kutu ilikuwa imelila pembeni na mlango mmoja ulifunguka kwa kubembelezwa. Baba yake, Famau, alilitumia kubebea barafu kutoka kiwandani hadi pwani, na samaki kutoka pwani hadi hotelini. Miaka tisa ya kazi hiyo ilikuwa imeliachia harufu ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Mgeni akipanda kwa mara ya kwanza alianza kutafuta dirisha. Famau mwenyewe hakusikia kitu. "Harufu gani?" angeuliza, na mkewe, Samiha, angecheka mpaka atoke machozi.

Majuma mawili hayo Safiyya alikuwa na mtazamaji. Bibi yake, Mwanabibi, mama mzazi wa Famau, alikuwa amekuja kutoka Mombasa. Alikimbilia huko mwaka 1991 vita vilipoanza, akiwa na watoto wawili na furushi moja. Famau alikua, akarudi kutafuta maisha hapa Kismayu, lakini bibi hakuwahi kurudi, na kisiwa chake cha Chovai hakukiona tena tangu mwaka ule. Sasa alikuwa na miaka sabini na tatu, na goti la kulia lilikuwa halimtii. Kila jioni alikaa kwenye baraza ya nyumba, mguu ameunyoosha juu ya mto, akimwangalia mjukuu wake akihangaika na ndoo.

"Chumvi haifukuzwi na ndoo moja, Safiyya," alimtania. "Wachu wa kwetu wangekucheka." Kwao Chovai mtu huitwa mchu.

"Wao walifanyaje, Bibi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja. Alimweleza habari za baba yake mwenyewe, fundi Mbwana, aliyeunda vyombo vya baharini pale Chovai mbele ya nyumba yao. Chombo kikimalizika, mbao zilipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ili jua na maji ya chumvi visizile. Waliopaka walikuwa watoto, kwa matambara, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri.

"Mikono ilinuka hata Idi ikafika," alisema bibi. "Mama alikuwa akitulaza nje, mimi na ndugu zangu. Tukilala tukihesabu nyota na kunusana vidole. Ah, Safiyya! Nyumba ile hata sijui kama ina paa sasa."

Aligeukia upande wa bahari ingawa kutoka pale bahari haionekani. Safiyya aliona macho yake yamelowa, akaacha kuosha, akaja kukaa karibu naye.

Siku chache nyuma, nahodha Bakri, mtu wa Chovai ambaye boti yake ya mashine hupeleka bidhaa visiwani, alikuwa amemletea bibi zawadi: chupa ya soda iliyojaa sifa. Usiku bibi aliifungua, akaivuta harufu yake kwa macho yaliyofumba, kisha akaifunga vizuri kwa kitambaa. Samiha aliyestahimili harufu ya gari kwa miaka tisa alifungua dirisha siku hiyo. Bibi hakujali. Kwake yeye ile haikuwa harufu ya papa, ilikuwa harufu ya kwao.

Kisha ikafika siku ya mwisho ya kungoja: kesho yake alfajiri angekwenda kwao hasa. Boti ya Bakri ingeondoka mara baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamejaa. "Yakianza kupwa simngoji mchu, hata awe mama yangu," Bakri alikuwa amesema. Boti ingezunguka visiwani na kurudi siku ya tano; safari nyingine ingekuwa baada ya nusu mwezi, na tiketi ya bibi ya kurudi Mombasa ilikuwa ya juma lililofuata. Kwa hiyo ilikuwa kesho, au pengine isiwe tena maishani mwake. Famau angempeleka pwani kwa gari, ng'ambo ya mji, na mizigo ilikuwa imeshafungwa.

Alasiri ile Famau alirudi kutoka kazini akakuta bajaji ya jirani yao, Hussni, imeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wake. Hussni alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akiishi nyumba ya pili pamoja na mama yake mjane, bi Ummi. Famau alikuwa amechoka na amechomwa na jua, akamkaripia.

"Kila siku hapa! Nimekuambia mara ngapi? Ukuta huu umejengwa na baba yako?"

Kumtajia mtu marehemu baba yake si jambo dogo. Uso wa Hussni ulibadilika. Alipanda bajaji yake, akaiwasha. "Haya, ami Famau," alisema. "Litunze gari lako. Tutaona." Akaondoka na vumbi lake.

Famau alisonya. Kabla ya kuingia ndani kuoga alipitisha kidole kwenye kutu ya mlango wa gari, akamwambia bibi, "Gari hili litaniishia mikononi, Mama. Na sina jingine."

Safiyya alilisikia neno hilo, likamchoma. Saa moja baadaye watu wote walikwenda nyumba ya tatu, kwa shangazi yake Bushra, ambako usiku kungesomwa kasida za kumuaga bibi. Safiyya alibaki nyuma kidogo, akisema anamalizia kuoga. Hakuwa anaoga. Aliichukua ile chupa kwenye furushi la bibi, akachana fulana kuukuu, akalipaka gari sifa. Alipaka madigadi, akapaka bampa, akapaka kingo za boneti na chini ya milango, kama vile watoto wa fundi Mbwana walivyopaka mbao. Mafuta yaling'aa, kutu ikawa nyeusi na ya kupendeza. Aliwaza jinsi baba atakavyoshangaa asubuhi na bibi atakavyofurahi, akatabasamu peke yake.

Alipotazama chupa ilikuwa na vidole viwili tu vya mafuta. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuomba ruhusa. Akaenda jikoni, akaijazia mafuta ya kupikia, akaifunga kwa kitambaa kilekile na kuirudisha. Alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, akakimbilia kwenye kasida.

Usiku ule ulikuwa mtamu. Matwari, zile ngoma ndogo za mkono, yalilia, wanawake wakaitikia, na bibi Mwanabibi alikumbuka beti ambazo hata Bushra hakuzijua. Wazee wawili waliomfahamu fundi Mbwana walianza kutaja majina ya watu wa Chovai, mmoja baada ya mwingine, aliyekufa na aliyehamia Ulaya, na kila jina bibi alilijibu kwa kisa. Nje mbwa walibweka sana, lakini nani aliyewasikiliza?

Walirudi nyumbani saa nne na nusu, Famau amemshika mama yake mkono. Taa ya mtaa ilikuwa imezimika tangu juma lililopita. Famau aliwasha tochi ya simu, akasimama ghafla.

"La ilaha illallah!"

Bampa ya mbele ilikuwa chini, imechanwa vipande. Plastiki za ndani ya madigadi zilikuwa zimevutwa nje na kutupwa barabarani. Nyaya za taa zilining'inia, namba ya gari imekunjwa, rangi ya boneti imejaa mikwaruzo, na tairi moja la mbele lilikuwa limelala kabisa, valvu yake ya upepo imeng'olewa. Famau alijaribu kuliwasha. Halikutoa hata mlio.

"Nani anatuchukia hivi?" alisema Samiha kwa sauti ya kilio.

Famau alianza kupiga simu. Alipiga polisi, simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikalia mpaka ikakatika. Alipiga namba ya dharura iliyobandikwa kwenye nguzo za mji, akapata sauti ya mwanamke aliyerekodiwa ikimwambia kwa Kisomali asubiri, kisha muziki, kisha kimya. Alimpigia mwenyekiti wa mtaa, simu imezimwa. Mwenyekiti huyu wakati wa uchaguzi alikuwa akipokea hata simu za watu waliokosea namba. Mwisho alimpigia fundi wa magari, Fuadi, ambaye angalau aliamka.

"Kesho, ami, inshallah," Fuadi alisema kwa sauti ya usingizi.

"Kesho saa ngapi? Mama yangu ana safari alfajiri!"

"Kesho," alisema Fuadi, akakata.

Kupata gari jingine saa hiyo kulikuwa shida. Usiku askari hufunga barabara kwa vizuizi, na madereva wengi hawatoki mpaka jua lichomoze. Mtu mmoja tu mtaani alizoea kupita vizuizi kabla ya alfajiri, kwa sababu kila siku aliwapeleka akina mama wauza samaki pwani na askari walimjua kwa jina. Mtu huyo alikuwa Hussni.

Famau alimkumbuka pia, lakini kwa njia nyingine. "Litunze gari lako, tutaona," alirudia polepole. "Kumbe ndiyo haya!"

Samiha alimshika mkono, Famau akajitoa. Akaenda kugonga mlango wa bi Ummi kwa ngumi, mpaka madirisha ya jirani yakafunguka. Bi Ummi alitoka amejifunga kanga, na nyuma yake Hussni, macho mekundu kwa usingizi.

"Umelipasua gari langu!" Famau alipiga kelele. "Kwa ajili ya kivuli! Mwoga we, mharibifu wa usiku! Asubuhi tutaonana polisi!"

"Mwanangu amelala tangu isha," alisema bi Ummi. "Kila siku huamka saa tisa. Famau, tumekaa ukuta kwa ukuta miaka sita. Unamjua."

"Nilidhani namjua."

Hussni alimtazama Famau, akatazama madirisha yaliyofunguka na vichwa vilivyokuwamo, akarudi ndani. Bi Ummi alifunga mlango taratibu, na kufunga kule kwa taratibu kulimuumiza Safiyya kuliko kelele zote.

Maana Safiyya alikuwa amekwishajua. Tochi ya baba ilipomulika bampa, aliona kwenye vumbi nyayo nyingi za mbwa. Vipande vya plastiki vilivyotafunwa vilikuwa vilevile alivyopaka. Paa na madirisha, ambako hakupaka, hakukuguswa. Mbwa koko wa machinjioni walisikia harufu ya papa wakaja kula gari! Baba yake angeweza kunusa, kama si ile pua yake iliyozoea samaki. Neno lilimfika Safiyya kooni mara mbili, na mara mbili alilimeza. Baba alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuiona. Vilevile kulikuwa na chupa. Akisema la gari, atasema na la chupa.

Alilala chumba kimoja na bibi. Bibi alikuwa hajavua nguo za safari. Alikaa kitandani, furushi miguuni, kama abiria ambaye chombo kimemwacha.

"Tutafanyaje, Bibi?" Safiyya aliuliza.

"Tutalala. Miaka yote nimekingoja kisiwa kile, nacho kimezoea kuningoja." Alijaribu kucheka, sauti ikamkatika. "Nilitaka tu kuuona ule ukuta wa nyumba yetu. Hata kama umebaki ukuta mmoja. Nipe mkono, mwanangu, tulale."

Safiyya alimpa mkono, bibi akaubusu kama ilivyo desturi yao kila usiku. Akatulia. Hakuuachia. Aliuleta tena puani, akavuta pumzi ndefu. Kisha aliinama, akaifungua ile chupa furushini, akainusa, akaifunga.

"Mama yako Samiha ana mafuta mazuri ya kupikia," alisema.

Safiyya aliangua kilio. Alieleza yote, kutoka fulana kuukuu mpaka nyayo za mbwa. Alidhani bibi atamkumbatia na kumwambia basi, yamekwisha. Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, lakini hakumwambia hivyo.

"Mimi nimeshasikia," alisema. "Lakini si mimi niliyegongewa mlango. Nenda kwa baba yako."

"Bibi, atanipiga."

"Pengine. Na kuna kijana pale ng'ambo ya ukuta hajapata usingizi, na mama yake vilevile. Nenda sasa, usiku haujaisha."

Famau alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda kando ya gari, simu mkononi, akipiga namba ileile ya polisi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kigoda palikuwa na hatua kumi, na Safiyya alizihesabu zote.

"Baba, si Hussni. Ni mimi."

Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Famau alisimama. Alimkazia macho, kisha akainama kwenye madigadi, akanusa. Akanusa tena. Akapitisha kidole, akakisugua.

"Mimi nasikia harufu ya gari langu tu," alisema kwa mashaka.

"Baba, gari lako siku zote linanuka hivyo."

Ni vigumu kusema angefanya nini, maana sauti ilitoka ndani ya boneti: "Nyau." Famau alifungua boneti. Paka wa kijivu aliruka kutoka juu ya injini, akampita begani na kupotea gizani. Alikuwa amekimbilia huko mbwa walipokuja, nao walikuwa wameng'oa kila kilichowazuia kumfikia. Manyoya yalikuwa yamejaa kwenye nyaya, na chini palikuwa na alama za meno wazi kabisa.

Famau alikaa tena kwenye kigoda chake, akajifunika uso kwa mikono. Safiyya alisubiri kofi. Halikuja.

"Nimemwita mharibifu," alisema Famau. "Mbele ya mama yake."

Ilikuwa saa nane na nusu. Walikwenda pamoja, baba na mwana. Kwa bi Ummi taa ilikuwa inawaka na Hussni alikuwa mlangoni akijaza mafuta kwenye bajaji yake kwa kidumu. Aliwaona wakija, hakuinua kichwa.

"Mmekuja na polisi, ami?"

"Polisi hawapokei simu," alisema Famau. "Nimekuja na binti yangu."

Safiyya alieleza tena. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Hussni alikuwa akimtazama na bi Ummi amesimama kizingitini. Alipofika kwenye habari ya paka, mdomo wa bi Ummi ulitikisika kidogo, lakini wa Hussni haukutikisika.

"Nisamehe, Hussni," alisema Famau kwa sauti ya chini. "Nisamehe, bi Ummi. Na neno nililosema mchana kuhusu marehemu, nalo nisameheni."

Hussni alifunga kifuniko cha tangi. "Ami, uliponitukana ulipaza sauti. Mtaa mzima ulisikia. Sasa unanong'ona?"

Famau alimeza mate. Ni mtu mkubwa, mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, na majirani wale wangemkumbushia jambo hili miaka mingi. Alitoka, akasimama katikati ya barabara, akapaza sauti ileile ya mwanzo.

"Enyi majirani! Hussni hakugusa gari langu! Mimi Famau nimemsingizia, na namwomba radhi yeye na mama yake!"

Dirisha moja likafunguka, halafu la pili. "Ni nani basi?" mtu aliuliza kutoka gizani.

"Mbwa!" alijibu Famau.

"Walikufanyia nini, uliwanyima kivuli?"

Kicheko kilienda dirisha hadi dirisha. Hata Hussni alishindwa kujizuia, akageuza uso. Kisha akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Bibi Mwanabibi mizigo yake mingi? Akina mama wa samaki nitawapeleka kwanza, saa kumi kasorobo nitakuwa hapa. Awe tayari."

"Utachukua kiasi gani?" Famau aliuliza.

"Ami," alisema Hussni, "usiniharibie thawabu."

Saa kumi kasorobo alikuwa pale. Bi Ummi mwenyewe aliweka mto wake wa kitandani kwenye kiti cha bajaji ili goti la bibi lisiumie. Kwenye kila kizuizi askari walimulika, wakamwona Hussni, wakawapungia mkono. Famau alikaa nyuma pamoja na bibi na Safiyya, akiwa ameshika furushi.

Waliposali alfajiri pwani, maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mawe, na Bakri alikuwa akiwahimiza watu kwa kelele. Mabaharia wawili walifunga mikono yao ikawa kiti, tayari kumbeba bibi hadi kwenye boti. Kabla ya kukaa alimwita Safiyya.

"Lete mikono."

Safiyya aliitoa. Alikuwa ameinawa tena na tena usiku ule, kwa sabuni na kwa majivu, lakini sifa haikutoka. Bibi aliishika yote miwili, akaifunika uso wake nayo, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Alipouinua uso, mashavu yake yalikuwa yamelowa naye alikuwa akicheka.

"Mikono ya baba yangu ilinuka hivi," alisema. "Namwambia nani kule kwamba nimeiona tena? Hakuna aliyebaki. Nitauambia ukuta."

Wakamwinua, wakampeleka. Boti iligeuka, na mtandio wake mweupe ulionekana kwa muda mrefu.

Simu ya Famau ililia jua linachomoza. Ilikuwa polisi. "Mmetupigia mara saba jana usiku," sauti ilisema kwa Kisomali. "Kuna tatizo gani?"

Famau alimtazama binti yake, akamtazama Hussni aliyekuwa akipangusa kioo cha bajaji.

"Lilikuwapo," alijibu. "Mtu amesema kweli, limekwisha." Akakata.

Kisha alichuchumaa mbele ya Safiyya ili macho yao yawe sawa. "Sikiliza, mwanangu. Kupaka gari sifa ni ujinga wa mapenzi, na huo nimekusamehe hata kabla hujasema. Gari tutalitengeneza, na wewe utalisugua kwa sabuni mpaka mbwa walisahau. Lakini ulichukua kitu cha bibi yako bila kumwomba, ukakiziba kwa mafuta mengine, na uliponyamaza mimi nilimbebesha mtu mwingine kosa lako. Nami nilimhukumu kwa neno moja alilosema akiwa na hasira. Kosa linataka kusemwa siku ileile, likiwa bado dogo. Umesema usiku wa jana, ndiyo sababu bibi yako yuko baharini asubuhi hii. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Haya, panda. Kaa mbele na Hussni. Mimi nastahili nyuma."

Safiyya alilisugua gari kwa siku nne. Bibi alirudi kutoka Chovai siku ya tano, amechomwa na jua, ana mchanga katika mtandio na habari zisizokwisha: kuta mbili zimesimama, si moja, na mkunazi wa uani bado unazaa. Alipokwenda zake Mombasa, alimwachia Safiyya ile chupa yenye mafuta mchanganyiko. Ipo hadi leo, juu ya kabati karibu na msahafu. Siku anapomkumbuka sana bibi yake, Safiyya huishusha. Humwomba mama yake ruhusa kwanza, hufungua dirisha, kisha huifungua chupa.